Mgeni Akisha Kusema



Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua ya kuwa mtu atokaye nje huleta kitu ambacho wenye nyumba hawana. Pengine huleta dawa, pengine huleta habari, na pengine huleta swali ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyethubutu kuliuliza.

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya desturi moja iliyoanza katika nchi ya Marekani na kushika mizizi katika miji yake midogo. Huko kuna vyama vya watu wa kazi mbalimbali wanaokutana ili kuufaa mji wao, na kwenye mkutano hualikwa mgeni aseme nao. Kisha mgeni huenda zake, nao hurudi kazini.

Pengine mtauliza: Habari hizo zatuhusu nini sisi wa Kongo? Zatuhusu sana. Kwanza, vyama hivyo vimefika kwetu pia, Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine, na matunda ya kazi yao yameingia katika nyumba nyingi kwa njia ya chanjo ya watoto. Pili, sisi nasi tu watu wa mikutano. Tuna jumuiya zetu za mtaa, tuna likelemba, tuna vyama vya akina mama na vya wazazi wa shule. Kila chama cha namna hiyo hakina budi kujiuliza: mgeni akisha kusema, sisi tunafanya nini?

Vyama hivyo vilianzaje?

Tarehe 23 Februari 1905, katika mji mkubwa wa Chicago, mwanasheria mmoja jina lake Paul Harris alikutana na rafiki zake watatu. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, wa pili mhandisi wa migodi, na wa tatu fundi cherehani. Harris alikuwa amelelewa katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo watu walijuana na kusalimiana. Alipofika Chicago aliona watu maelfu wakipitana njiani bila neno. Akatamani kuupata ujirani wa kijijini katikati ya mji.

Hao wanne wakapatana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, mara nyingine katika ofisi ya yule. Kwa ajili ya kuzunguka huko chama kikaitwa Rotary. Mwaka 1915 chama cha Kiwanis kilianza mjini Detroit, na mwaka 1917 Melvin Jones, mtu wa kazi ya bima, alikusanya vyama vingine Chicago vikawa Lions.

Hapo mwanzo, tuseme kweli, wengi wao walitafuta faida ya biashara zao: nunua kwangu nami nitanunua kwako. Lakini upesi waliona ya kuwa urafiki unaozunguka tumbo haudumu. Mwaka 1907 watu wa Rotary wa Chicago walianza kuhimiza mji ujenge vyoo vya watu wote, na hiyo ndiyo kazi yao ya kwanza ya kuufaa mji. Si kazi ya fahari, lakini kila aliyetembea mjini aliihitaji.

Sheria ya zamani ya Rotary iliagiza kwamba kila kazi iwe na mtu wake mmoja katika chama. Hivyo mwenye benki, mganga wa meno, mwoka mikate na mchapishaji waliketi meza moja. Kila mmoja alipewa siku yake ya kuwaeleza wenzake kazi anayoifanya: jinsi unga unavyokuwa mkate, na jinsi fedha ya mjane inavyotunzwa benki. Lakini mji mdogo hauna kazi nyingi za kuelezwa mwaka baada ya mwaka. Mafundi wa nyumbani wakiisha kusema, ni lazima kumtafuta mtu wa nje.

Saa moja ya mkutano

Desturi za mkutano hazifanani kila mahali, lakini mwendo wake wa kawaida ni huu. Wanachama hukutana katika hoteli ya mji au katika ukumbi wa kanisa, mara nyingi saa ya chakula cha mchana. Rotary na Kiwanis walizoea kukutana kila juma. Vyama vingi vya Lions hukutana mara mbili kwa mwezi. Mwenyekiti hupiga kengele. Sala fupi husomwa, pengine wimbo huimbwa, chakula huletwa. Yatangazwa matangazo: fulani ni mgonjwa, fulani amepata mtoto, mchango wa maktaba umefika kiasi fulani. Kisha mwenyekiti humsimamisha mgeni.

Mgeni hupewa dakika ishirini hivi, na baada yake maswali machache. Saa ikitimia kengele hulia tena, kwa maana mwenye duka lazima afungue duka lake, na mwalimu ana watoto wanaomngoja. Wala mgeni halipwi. Hupewa zawadi ndogo, kalamu au kikombe. Na vyama vingine hununua kitabu na kukiweka katika maktaba ya shule kwa jina lake.

Ni nani wanaoalikwa? Jaji wa wilaya, mkuu wa shule, muuguzi, mkulima aliyejaribu mbegu mpya, mkubwa wa kikosi cha zimamoto, kijana mwanafunzi aliyetoka nchi za mbali, mmisionari aliyerudi likizoni. Kazi ya kuwatafuta ina mtu wake, au wanachama hupokezana kwa zamu. Wala si kazi rahisi! Chama kinachokutana kila juma chahitaji wageni wapatao hamsini kwa mwaka, na katika mji wa watu elfu chache wageni hawaokotwi njiani.

Kuna pia mipaka. Lions, kwa mfano, waliandika katika makusudi yao kwamba mambo yote yanayowahusu watu yaweza kuzungumzwa wazi, lakini wanachama wasishindanie vyama vya siasa wala madhehebu ya dini. Sababu yaeleweka. Kama mwoka mikate na mganga wa meno wakigombana mezani juu ya uchaguzi, nani atakayebaki kuchangia miwani ya mtoto maskini?

Basi fikirini faida yake. Mtu wa duka, ambaye hangeingia mahakamani maisha yake yote, amemsikia jaji akieleza kwa nini vijana wanafungwa. Mwenye benki amemsikia muuguzi akitaja ugonjwa unaowaua watoto upande ule wa mji ambao yeye haufiki. Hapo hawezi tena kusema: Sikujua.

Waliowacheka

Hata hivyo vyama hivi vilipata watu wa kuvicheka, nasi haifai kulificha jambo hilo. Mwandishi Sinclair Lewis, aliyezaliwa katika mji mdogo wa Sauk Centre, jimbo la Minnesota, alitoa kitabu chake Babbitt mwaka 1922. Humo aliwachora wafanyabiashara wa mji mmoja wa kubuni, wanaokula pamoja, wanaopigana mabega, wanaosifiana, na kusikiliza hotuba za majivuno juu ya ukuu wa mji wao. Watu wengi walicheka kwa sababu walimtambua jirani yao, na wengine kwa sababu walijitambua wenyewe. Mwaka 1930 Lewis alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, Mmarekani wa kwanza kuipata.

Je, Lewis alisema uongo? La. Ugonjwa aliouonyesha upo, na dawa yake si kuvunja mikutano. Chama kinachosikiliza wageni hamsini kwa mwaka bila kutenda neno hata moja, kimekula milo hamsini tu. Mgeni amepigiwa makofi, amepewa kalamu, amesahauliwa kabla sahani hazijaoshwa. Wazee wetu walisema vizuri: Maneno matupu hayavunji mfupa.

Lakini wako wageni waliosema, na waliosikiliza hawakuweza tena kukaa kama walivyokuwa. Tuwatazame wawili.

Baba aliyefiwa

Katika mji wa Elyria, jimbo la Ohio, aliishi mfanyabiashara jina lake Edgar Allen. Tarehe 30 Mei 1907 magari ya reli ya mjini yaligongana. Kijana wake Homer alikuwa mmoja wa waliofariki. Mji ule haukuwa na hospitali ya kufaa, na baba yule aliona wazi ya kuwa wengine wangaliweza kupona kama wangalitunzwa upesi na vizuri.

Bwana Allen hakuishia katika kilio. Aliacha biashara yake, akaenda kwa watu akiomba fedha, na mwaka 1908 hospitali ilifunguliwa Elyria. Baadaye aligundua jambo jingine: watoto vilema. Wengi walikuwa wamefichwa nyumbani, bila matibabu wala shule. Mwaka 1915 ilifunguliwa hapo Elyria hospitali kwa ajili ya watoto hao. Watoto wenyewe wakamwita Baba Allen.

Lakini hospitali moja haitoshi jimbo zima. Ndipo Bwana Allen alipozigeukia meza za vyama vya Rotary katika Ohio. Aliwaeleza watu wa biashara habari za watoto ambao wao hawakuwahi kuwaona, ingawa walikaa nao mji mmoja. Nao walimwelewa. Kwa msaada wao, mwaka 1919 kilianzishwa chama cha jimbo la Ohio cha kuwasaidia watoto vilema. Baada ya miaka michache kazi hiyo ikaenea nchi nzima, na Paul Harris yuleyule wa Chicago akawa mwenyekiti wa kwanza wa halmashauri yake. Tangu mwaka 1934 chama hicho kilikusanya fedha kwa kuuza vijikaratasi vya kubandika kwenye barua wakati wa Pasaka.

Angalieni, wasomaji, jinsi baba huyu alivyowafikia watu. Hakuwapa hotuba juu ya upendo wa wanadamu wote. Aliwaonyesha watoto wa mji wao, na kazi ambayo mikono yao iliweza kuifanya. Kwetu methali husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alikuja na jembe lake, akawakabidhi wenyeji.

Mwanamke aliyebisha hodi

Mgeni wa pili ni Helen Keller. Alizaliwa mwaka 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Alipokuwa na miezi 19 aliugua, akapoteza macho na masikio pamoja. Alikaa katika giza na kimya mpaka mwalimu wake, Anne Sullivan, alipofika mwaka 1887 na kumfundisha maneno kwa kuyaandika kwa vidole katika kiganja chake. Mwaka 1904 Helen alimaliza masomo ya chuo kikuu.

Mwaka 1925 Lions walifanya mkutano wao mkuu huko Cedar Point, jimbo la Ohio. Huo haukuwa mkutano wa chakula cha juma. Walikuja wajumbe wa vyama vya miji mingi, mikubwa na midogo. Wakamwalika Helen Keller aseme nao. Aliwaambia kwamba yeye ndiye nafasi njema iliyofika kwao, naye anabisha hodi mlangoni. Aliwasihi wajiwazie wao wenyewe wamepofuka siku ile, wakipapasa njia mchana kama usiku. Akawaomba wawe mashujaa wa vipofu katika vita dhidi ya giza, ili upofu unaoweza kuzuiwa uzuiwe, na mtoto kipofu asikae bila kufundishwa.

Lions walikubali, na wajumbe wakarudi miji yao na jambo la kutenda. Miaka 5 baadaye, mjini Peoria, jimbo la Illinois, mwanachama wa Lions jina lake George Bonham alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara. Fimbo yake ilikuwa nyeusi, wenye magari hawakuiona. Bwana Bonham akatoa shauri: fimbo ipakwe rangi nyeupe, na utepe mwekundu. Chama kikapaka fimbo na kuwagawia vipofu, na Desemba 1930 baraza la mji likaamuru kwamba mwenye fimbo nyeupe apishwe barabarani. Mwaka 1939 Lions wa Detroit walianzisha shule ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu.

Tangu mwaka 1990 Lions wamekuwa na mpango mkubwa wa kupigana na upofu katika nchi nyingi. Katika Afrika mpango huo umesaidia vita dhidi ya ule ugonjwa wa macho unaoletwa na nzi wadogo weusi wa kando ya mito, ugonjwa ambao watu wa mabonde ya Kongo wanaujua vizuri. Dawa yake imetolewa bure tangu mwaka 1987, lakini dawa bila watu wa kuifikisha kijijini haimponyi mtu.

Mgeni na kiti chake

Kuna neno moja tusilolipita. Helen Keller alisema mbele ya Lions mwaka 1925. Lakini sheria yao haikuwaruhusu wanawake kuwa wanachama wa kawaida mpaka mwaka 1987. Yaani kwa muda wa miaka 62 walitenda kazi waliyopewa na mwanamke, huku wanawake wa miji yao wakibaki nje ya chama.

Rotary nao walikuwa hivyohivyo. Mwaka 1977 chama cha Rotary cha mji mdogo wa Duarte, jimbo la California, kiliwapokea wanawake watatu. Wakubwa wa Rotary wakakiondoa katika ushirika wao. Watu wa Duarte hawakunyamaza. Wakaenda mahakamani, na shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Tarehe 4 Mei 1987 majaji waliamua kwamba sheria ya California inayokataza ubaguzi yaweza kuwalazimisha Rotary kuwapokea wanawake. Mwaka 1989 Rotary wenyewe walibadili sheria yao kwa nchi zote.

Funzo lake li wazi. Mtu anayefaa kutufundisha, anafaa pia kuketi nasi tunapofanya shauri. Tukimwita mama mjane aje kutueleza taabu zake, halafu tukamtoa nje ili wanaume waamue, tumemtumia tu, hatujamsikiliza.

Chanjo iliyofika mlangoni petu

Mwaka 1979 Rotary walipatana na serikali ya Ufilipino kusaidia kuwachanja watoto wapatao milioni 6 dhidi ya polio, ule ugonjwa unaopooza miguu. Waliona kazi yawezekana. Mwaka 1985 wakaanza mpango wa dunia nzima. Mwaka 1988, mataifa yalipoungana katika vita hivyo, watoto zaidi ya 350,000 walikuwa wakipoozeshwa kila mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio.

Katika miaka hiyo yote, vyama vya miji midogo ya mbali vilikuwa vikimwalika mganga, muuguzi, au mtu aliyetembea Afrika na Asia, ili wasikie fedha yao imefanya nini. Mwenye duka aliyekula chakula cha mchana huko Ohio alichangia matone yaliyodondoshwa kinywani mwa mtoto wa Kasai au wa Tanganyika. Lakini vita havijaisha kabisa kwetu. Mwaka 2022 na mwaka 2023 watoto wa Kongo walipoozeshwa na virusi vya aina nyingine, vinavyopata nguvu mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Basi yule kijana wa afya anayepita nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha baridi naye ni mgeni. Anapobisha hodi, tumfungulie.

Na sisi je?

Hatuwaambii mjenge hoteli wala mpike karamu. Jumuiya yenye mabenchi mawili chini ya mwembe yaweza kumpokea mgeni wa kusema. Twatoa mashauri machache, tukiyachota katika yale tuliyoyaeleza.

Kwanza, chagueni mgeni kwa kufuata mahitaji yenu, msifuate ukubwa wa jina lake. Mkunga wa zahanati anayejua kwa nini akina mama watatu wamepotea mwaka huu ni mgeni bora kuliko mkubwa anayekuja kuhesabu makofi. Mkulima ambaye muhogo wake umepona ugonjwa wa kukunjamana majani ana neno la kuwapa wakulima wenzake.

Pili, mpeni muda wake, na muutunze. Dakika ishirini zilizotayarishwa vizuri zapita saa mbili za kuzungukazunguka. Mwambieni mapema, kwa heshima: Baba, au Mama, saa fulani tutaanza maswali. Na mwenyekiti asisimame baada yake kuirudia hotuba yote kwa maneno yake mwenyewe!

Tatu, waacheni watu waulize, hata wale wasiozoea kusema. Chukueni mfano wa urithi. Katika miji yetu mara ngapi baba akifa, ndugu zake huja kuchukua vyombo, godoro na hata mabati, na mjane huachwa na watoto uani? Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa daraja la kwanza, na mume au mke aliyebaki ana haki zake, hasa juu ya nyumba waliyokaa. Ni wangapi wanaoijua? Mwalikeni jaji au mwanasheria aieleze katika lugha ya watu. Na hapo swali la kwanza litoke kwa wajane, kwa maana wao ndio wanaojua pale sheria inapovunjwa.

Nne, na hilo ndilo kubwa, msitawanyike kabla ya kujibu: Sasa nani atafanya nini, na lini? Likiwa jambo moja dogo, yatosha. Huyu atakwenda kuandikisha kuzaliwa kwa watoto wa jirani. Hawa wawili watamtembelea yule mama mwenye mtoto kilema, wasiende kumhurumia tu, waende kumwuliza kama mtoto anaweza kupelekwa shuleni, na nani atambeba. Karani aandike majina. Mkutano ujao, kabla ya kumkaribisha mgeni mwingine, asome: Tuliahidi hivi, je, tumefanya?

Tano, mgeni akiisha kwenda, mpelekeeni habari. Mwandikieni au mpigieni simu, mkisema: Baada ya maneno yako tumetenda jambo hili. Hakuna zawadi itakayompendeza zaidi, wala hakuna njia bora ya kumfanya arudi.

Katika mtaa wenu, wasomaji wapenzi, yupo leo mtu ambaye neno lake lingewafaa wote, wala hajawahi kuombwa kulisema. Pengine ni muuguzi mzee aliyestaafu. Pengine ni kijana asiyeona, ambaye kila siku anavuka barabara kwa hofu. Pengine ni mama mwenye mtoto aliyefungiwa chumbani kwa aibu. Kabla ya mkutano wenu ujao, mmoja wenu aende mlangoni kwake na kumwambia: Tunaomba uje useme nasi. Akija, mwekeeni kiti kizuri. Na akisha kusema, msimame mkafanye kazi.